Pumu na mzio: kuupanga mwaka kabla kifua hakijabana

Kifua cha mwenye pumu kina kalenda yake. Wa Njombe, Mbeya na Limuru wanaujua Juni kwa baridi na ukungu. Wa Tanga, Mombasa na Unguja wanaijua masika kwa kuta zinazotoka jasho na nguo zisizokauka. Dodoma na Singida ni upepo na vumbi la kiangazi. Anayeumwa huwa anaijua miezi yake bila kuambiwa na mtu, na bado kila mwaka maandalizi huanza usiku ule kifua kimeshabana, duka la dawa limefungwa, na pampu iliyo kwenye droo haina kitu ndani.

Mwongozo huu unahusu zaidi siku ambazo huumwi, kwa sababu ni katika siku hizo pumu hushindwa au huachiwa ishinde. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha chini-kati, ambako dawa inayozuia vifo hivyo haipatikani, au ipo na haitumiki.

Kinachotokea ndani

Njia za hewa za mwenye pumu zimevimba, na hubaki hivyo hata siku anapojisikia mzima. Zikiguswa na moshi, vumbi au mafua, misuli inayozizunguka hujikaza, ute huongezeka, hewa hupita kwa shida na kifua hulia kama filimbi. Mambo ni mawili basi: uvimbe wa kila siku, na mkazo wa ghafla. Kila moja lina dawa yake. Ukilishika hilo, mengine yote humu yatakuwa mepesi.

Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, ni kinga ya mwili kukivamia kitu kisicho na madhara: chavua ya nyasi, kinyesi cha utitiri wa vumbi, manyoya ya paka, mabaki ya mende. Ukishika pua huleta chafya za mfululizo asubuhi, kamasi jepesi kama maji, pua na macho kuwasha, bila homa. Mafua ya kawaida huisha kwa wiki moja au zaidi kidogo. Haya ya mzio hukaa msimu mzima. Watu wengi wenye pumu wana pua ya namna hii, na anayetibu kifua huku ameiacha pua iendelee kuvimba anafanya nusu ya kazi.

Kabla ya kwenda mbali, uhakikishe kweli ni pumu. Kikohozi kilichozidi wiki mbili, chenye jasho la usiku, kupungua uzito au damu, kinahitaji kipimo cha kifua kikuu kwanza. Mama aliyepikia kuni miaka 30 na sasa anahema akipanda kilima anaweza kuwa na ugonjwa mwingine wa mapafu. Moyo nao ukichoka huleta kuhema usiku. Pumu huwa na tabia ya kuja na kuondoka, kuzidi usiku na alfajiri, na kubadilika na msimu. Hospitali kubwa zina kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine kabla na baada ya dawa. Ukiweza kukifikia, kifanye mara moja uwe na uhakika.

Hatua ya kwanza: andika miezi yako

Chukua daftari la shule. Kila siku kifua au pua inaposumbua, andika tarehe, saa, ulikuwa wapi, na nini kilikuwapo: moshi, mvua, paka, kufagia, mafua. Mpangilio utaanza kujionyesha. Mara nyingi hautafanana na ulivyodhani.

Chukua jakaranda. Nairobi ikigeuka zambarau kuanzia Septemba hivi, watu hulaumu maua yale kwa kila chafya. Lakini chavua ya jakaranda ni nzito na hubebwa na wadudu, haipeperuki mbali. Zinazopeperuka ni chavua za nyasi na za miti inayochavushwa na upepo, ambazo maua yake hakuna anayeyatazama. Nyasi huchanua wiki chache baada ya mvua kushika, na siku ya kukata nyasi za uwanja ndiyo mbaya kuliko zote. Kama daftari linakuonyesha hivyo, mwachie mwingine fyekeo, na ukirudi nyumbani uoge uso na ubadili nguo kabla hujakaa kitandani.

Baridi ya nyanda za juu nayo ina fumbo lake. Si hewa baridi peke yake inayoumiza. Mafua huenea kwa sababu watu wamejifungia ndani pamoja, jiko la mkaa linaletwa chumbani, na mablanketi na masweta yaliyokaa kwenye sanduku tangu mwaka jana yanavaliwa yakiwa na vumbi lake lote. Mwezi wa tano, kabla baridi haijaingia, yatoe, yafue, yaanike juani. Ni kazi ya siku moja, na kwa watoto wengi ni yenye faida kuliko dawa ya kikohozi watakayonunuliwa Julai.

Hatua ya pili: chumba cha kulala

Huwezi kulisafisha jiji. Chumba unacholala kwa saa saba au nane unaweza, kwa hiyo elekeza nguvu na pesa hapo kwanza.

Utitiri wa vumbi ni wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro, mito na mablanketi, wakila ngozi inayobanduka mwilini. Hupenda unyevu, ndiyo maana pwani na kandokando ya ziwa wanastawi mwaka mzima. Mito na magodoro ya sufi ni makao yao mazuri. Kama kuna kitu kimoja cha kununua, nunua foronya na kifuniko cha godoro kisichopitisha vumbi, hata kile cha nailoni chenye zipu. Mashuka yafuliwe kila wiki, na kama una njia ya kuchemsha maji, maji ya nyuzi 60 huwaua. Godoro litolewe juani, ligeuzwe pande zote mbili. Jua letu ni dawa isiyolipiwa.

Sakafu usifagie kavu. Nyunyiza maji au piga deki, na mwenye pumu awe nje mpaka vumbi litue. Zulia na mapazia mazito yaondoke chumbani. Midoli ya manyoya ifuliwe kama nguo.

Ukungu mweusi ukutani wakati wa masika unatokana na maji yanayoingia mahali. Kuupaka rangi ni kuuficha tu. Tafuta bati linalovuja au ukuta unaonyonya maji, kisha sugua kwa sabuni na maji na ukaushe. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini huua ukungu lakini harufu yake hubana kifua, kwa hiyo kazi hiyo aifanye asiye na pumu, madirisha yakiwa wazi, na asiichanganye na sabuni nyingine ya choo.

Mende wanahitaji kunyimwa chakula: sufuria ya uji isilale bila kuoshwa, ndoo ya taka ifunikwe. Tumia dawa ya mtego au ya kupaka pembeni. Ile ya kupuliza itakuumiza wewe kabla haijawaumiza wao.

Hatua ya tatu: moshi

Hapa ndipo ushauri mwingi unaoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine unapotupita kando. Moshi wetu ni wa jikoni, wa koroboi, wa taka zinazochomwa jioni nyuma ya nyumba, wa dawa ya mbu ya kuchoma, wa udi na ubani.

Gesi ni bora ukiimudu. Usipoimudu bado kuna mengi. Mkaa uwashiwe nje hadi uwe mwekundu wote ndipo usogezwe. Dakika za kuwasha, hasa kwa mfuko wa plastiki na mafuta ya taa, ndizo zenye moshi mchafu zaidi, na mwenye pumu asiwe yeye anayeziinamia. Kuni ziwe kavu. Maharage yalowekwe usiku na sufuria ifunikwe, moto utakaa muda mfupi. Jiko la mkaa la kuotea moto lisiingie chumba cha kulala kabisa, kwa mwenye pumu na asiye na pumu, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na imeua familia nzima zikiwa usingizini.

Dawa ya mbu ya kuchoma iachwe, chandarua kitoshe. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumiwa. Kikichafuka kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, na kikauke kivulini.

Udi na ubani ni suala gumu zaidi, maana ni heshima ya nyumba na ya mgeni. Kumwambia mwenye nyumba wa Lamu au Unguja asifukize kabisa ni kupoteza maneno. Mwambie hivi: chetezo kikae ukumbini au uani, madirisha yawe wazi, mgonjwa awe hayupo, na nguo zikishafukizwa zining'inizwe nje kidogo kabla hazijaingia kabatini. Nimeona hilo likikubalika bila ugomvi.

Hatua ya nne: pampu mbili

Inhela, ambayo wengi tunaiita pampu, ni za aina mbili, na kutozitofautisha kumeua watu.

Ya kwanza ni ya kufungua. Mara nyingi ni ya bluu, yenye salbutamol. Hulegeza misuli ndani ya dakika chache na hukaa saa nne hadi sita. Haiugusi uvimbe. Ya pili ni ya kinga, yenye steroidi ya kuvuta kama beclomethasone au budesonide. Hii hupunguza uvimbe polepole, kwa siku na wiki, na hutumiwa kila siku hata ukiwa mzima. Kwa sababu huisikii ikifanya kazi, ndiyo inayoachwa.

Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, ulibadilika: mtu mzima au kijana mwenye pumu hashauriwi tena kutibiwa kwa salbutamol peke yake. Anayemaliza pampu tatu au zaidi za bluu kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na anayemaliza 12 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Pampu ya bluu inayoisha haraka ni kengele.

Ipo pampu moja yenye vyote viwili, budesonide pamoja na formoterol, ambayo hufungua na kutibu uvimbe kwa wakati mmoja, na sasa ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa watu wazima. Muulize daktari kama inapatikana ulipo. Isipopatikana na pumu yako si kali, muulize kuhusu njia nyingine inayokubalika: kila unapovuta ya bluu, vuta na ya kinga.

Maneno ya mtaani yasemayo ukianza pampu huachi, au pampu ni ya aliyezidiwa, hayana msingi. Dozi ya steroidi ya kuvuta ni ndogo sana ukilinganisha na ya vidonge, na huenda moja kwa moja panapohusika. Cha kuogopa ni vidonge vya steroidi vinavyouzwa kwa kupimiwa dukani kila kifua kikibana. Prednisolone kwa siku chache, kwa maelekezo ya daktari, huokoa maisha. Kuinywa kila mwezi huharibu mifupa, huleta kisukari na hudumaza watoto. Salbutamol ya vidonge na ya maji nayo ni hafifu: huchelewa kufanya kazi na hutetemesha mikono.

Hatua ya tano: kuvuta vizuri

Dawa nyingi huishia ulimini kwa sababu ya kuvuta vibaya. Utaratibu ni huu:

1. Toa kifuniko, tikisa pampu. Ikiwa mpya au imekaa siku nyingi, puliza hewani mara mbili au zaidi kwanza.
2. Kaa wima au simama. Toa pumzi yote taratibu.
3. Ziba mdomo vizuri kuzunguka pampu. Anza kuvuta hewa polepole, na papo hapo bonyeza mara moja tu, ukiendelea kuvuta hadi mwisho.
4. Zuia pumzi kwa sekunde 10, au kadiri unavyoweza.
5. Subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, ndipo uvute wa pili.
6. Baada ya ile ya kinga, sukutua na uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni.

Namba tatu huwashinda wengi, na watoto hawaiwezi kabisa. Dawa yake ni spesa, chombo kinachoipokea dawa ili uivute kwa pumzi za kawaida. Kama ya dukani ni ghali, chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita inatosha. Hili lilipimwa Afrika Kusini: mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa watoto waliobanwa, chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Kikombe cha plastiki nyepesi kilishindwa.

Kuitengeneza: osha chupa. Pinda waya kwa umbo la mdomo wa pampu, upashe moto, utoboe tundu kwenye kitako cha chupa, likae limeibana pampu bila nafasi pembeni. Ziba ukingo kwa gundi au utepe kwa nje. Kingo kali za ndani zikatwe, na hakikisha hakuna vipande vya plastiki vilivyobaki. Osha kwa maji ya sabuni, usiisuuze wala kuifuta kwa kitambaa, iache ichuruzike ikauke yenyewe. Ukiifuta, plastiki hunasa dawa. Mgonjwa anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi taratibu mara nne hadi sita. Kisha tena. Usibonyeze mara mbili kwa pamoja.

Pampu nyingi za salbutamol zina mipulizo 200 na hazina kihesabu. Usiipime kwa kuielesha majini; njia hiyo inadanganya. Andika kwa kalamu tarehe uliyoanza, na hesabu matumizi.

Pua, kwa kifupi

Suuza pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani hufanya kazi ikitumiwa kila siku, ikianza wiki mbili hivi kabla ya msimu wako. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa la kulia, ielekee nje badala ya ukuta wa kati, la sivyo pua itatoka damu. Cetirizine hupunguza chafya na kuwasha. Piriton pia, lakini huleta usingizi. Mwendesha bodaboda asiinywe akaingia barabarani. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, kwani baada ya hapo yenyewe ndiyo huiziba.

Hatua ya sita: jipime kila mwezi

Jiulize kuhusu wiki nne zilizopita. Je, nilibanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Niliamka usiku kwa kifua? Nilitumia pampu ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki? Niliacha jambo lolote kwa sababu ya kifua? Ukijibu hapana mara nne, endelea hivyo. Ndiyo moja au mbili, rudi kliniki ukiwa na pampu zako na daftari. Ndiyo tatu, usingoje tarehe.

Usiku wa kubanwa

Mkalishe wima, asilale. Legeza nguo, fungua dirisha, watu wapungue. Pampu ya bluu kwa spesa: mpulizo mmoja, pumzi nne, rudia hadi mipulizo minne. Subiri dakika nne. Kama hakuna nafuu, minne tena. Bado hakuna nafuu, nendeni hospitali sasa, na mwendelee kumpa minne kila dakika nne njiani. Usimpe dawa ya usingizi wala Piriton akidhaniwa atatulia, na usimfukize mkaratusi.

Nendeni mara moja, bila kungoja hesabu hiyo, ukiona hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo, fizi au kucha zimekuwa za kijivu, au amechoka na kusinzia. Kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hapo hewa haipiti. Usifurahie ukimya huo.

Akipona usiku, aonwe na daktari ndani ya siku mbili. Uvimbe haujaondoka.

Mengine ambayo hayasemwi kliniki

Mtoto wa shule awe na pampu yake mahali mwalimu anapopajua, si kwenye kabati lililofungwa kwa kufuli, na zamu ya kufagia darasa la vumbi abadilishiwe, amwagilie maua. Michezo asikatazwe; mipulizo miwili dakika 10 hadi 15 kabla ya mbio humtosha wengi.

Mjamzito asiache pampu zake. Mtoto tumboni huumizwa zaidi na mama anayekosa hewa.

Mwezi wa Ramadhani pampu ya kinga ya mara mbili kwa siku huingia vizuri kwenye daku na futari. Kuhusu ya kufungua wanazuoni wamehitilafiana kama inafunguza au la, lakini hakuna aliyemkataza mgonjwa kuokoa pumzi yake. Muulize unayemwamini kabla mwezi haujaandama.

Mwisho, dawa za magonjwa mengine. Sindano ya diclofenac, aspirini na ibuprofen huwabana vibaya baadhi ya wenye pumu. Kama iliwahi kukutokea, sema kabla ya sindano yoyote ya maumivu. Propranolol na atenolol za presha hukaza njia za hewa. Na hata matone ya timolol ya presha ya macho hufika kifuani, kwa hiyo daktari wa macho naye mwambie una pumu, kwa sababu huenda asikuulize.